Waliokwenda Kufundisha

Historia ya misheni katika Afrika ya Mashariki huandikwa mara nyingi kwa namna moja. Mwandishi hutuambia nani alifika, mwaka gani, akajenga wapi, na ni wenyeji wangapi waliobatizwa. Mgeni huonekana kama mpanzi, na mwenyeji kama shamba. Hapana anayekana kwamba mengi yalibadilika katika shamba hilo. Lakini swali la pili haliulizwi sana: huyo mpanzi naye alipatwa na nini? Mtu aliyeacha kijiji chake Ulaya, akavuka bahari, akakaa miaka kumi au thelathini kati ya watu wa lugha nyingine, je, alibaki yule yule? Twataka kuwatazama hapa watu wawili waliokaa Rabai, nyuma ya Mombasa, na mmoja aliyekaa Natal, kusini kabisa mwa bara letu. Wote watatu walikuja kufundisha.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, naye alikuwa mwana wa mkulima. Chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza kilimtuma kwanza Ethiopia, mwaka 1837, akakaa katika ufalme wa Shoa. Siku zile alikuwa mtu wa matumaini mawili: aliitumaini Injili, na alizitumaini nguvu za serikali za Ulaya. Wajumbe wa Waingereza walipofika Shoa mwaka 1841, wakiongozwa na Kapteni Harris, kutafuta mkataba na Mfalme Sahle Selassie, Krapf ndiye aliyewasaidia na kuwafasiria maneno. Yaelekea alidhani kwamba serikali ikifungua mlango, dini itapita bila taabu. Mwaka uliofuata alitoka Shoa kwa shughuli zake, na alipotaka kurudi akakuta mlango ule ule umefungwa mbele ya uso wake.

Hivyo akaja pwani. Januari 1844 alifika Unguja, na Seyyid Said, Mwislamu na mtawala wa Waislamu, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei yeye na mkewe Rosine walikuwa wamekwisha kukaa Mombasa. Haukupita muda homa ikawaangusha wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike huku akiungua kwa homa. Tarehe 13 Julai akafa, na baada ya siku chache mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vizuri. Mama huyo alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na kaburi lake lipo hata leo.

Barua aliyoandika Krapf kwa wakubwa wake London baada ya msiba huo imekuwa mashuhuri. Aliwaambia kwamba kaburi la mkewe ni alama ya kuwa vita vya Injili vimekwisha kuanza katika sehemu hii ya dunia, na kwamba sasa ni juu yao kuvitimiza. Wengi wameisifu barua hiyo. Mimi naiona ni barua ya askari. Wenyeji wa Mombasa hawamo ndani yake, ila kama nchi ya kutekwa.

Walakini katika miezi ile ile jambo lingine lilikuwa likitendeka, na halikutangazwa kwa sauti kubwa. Krapf alikuwa akijifunza Kiswahili. Kamusi hapakuwapo, wala sarufi iliyopigwa chapa, wala mwalimu wa Kizungu. Palikuwapo wenye lugha yao tu. Kabla ya Julai alikuwa amekwisha kuanza kufasiri kitabu cha Mwanzo, na aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohedin. Fikiri, msomaji, mkao wa watu wawili hao. Mmoja amekuja kuwageuza watu wawe Wakristo, na hafichi kazi iliyomleta. Wa pili ni mwamuzi wa sheria ya Kiislamu. Na katika chumba kile aliye mwanafunzi ni yule aliyetoka Ulaya. Kila neno alipaswa kuuliza, na kila alipokosea alisahihishwa. Hapana mtu awezaye kukaa hivyo siku nyingi akabaki na dharau ile ile aliyokuja nayo. Dharau ya Krapf haikwisha, maana vitabu vyake vina maneno makali juu ya Uislamu na juu ya mila za Wamijikenda, ambao yeye aliwaita Wanyika. Lakini mwaka 1850 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na mtu haandiki sarufi ya lugha anayoiona kuwa ni kelele.

Mwezi wa Juni 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Gerlingen, nchi ile ile ya Württemberg. Mwezi wa Agosti wakapanda pamoja kwenda Rabai kuanza kituo, wote wawili wakiwa na homa, Krapf akiwa juu ya punda kwa kuwa miguu haikumchukua. Wazee wa Rabai waliwapokea. Hawakuwa na jeshi nyuma yao, wala serikali yao haikuwako pwani. Walikaa pale kwa ridhaa ya wenye nchi. Hilo ni jambo la kukumbuka, kwa maana wamisionari waliokuja baadaye, bendera ya Mwingereza ikiwa imekwisha kupandishwa, hawakuhitaji ridhaa ya namna hiyo, na tabia zao zilikuwa nyingine.

Katika mwaka 1848 Rebmann alisafiri kwenda Uchaga pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyeijua njia, na wapagazi wachache. Rebmann mwenyewe alichukua mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima mkubwa kitu cheupe, naye mara ya kwanza akafikiri ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake. Kiongozi hakujua jina la kitu hicho, akasema tu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, akatambua neno hilo lina maana gani. Baadaye Wachaga walimsimulia habari za Mfalme Rungua wa Machame, aliyewahi kutuma watu wapande juu kuchunguza ule weupe, na wengi wao hawakurudi. Basi wenyeji walikuwa wameuliza swali hilo kabla yake, na walikuwa wamelipia jibu kwa roho za watu. Rebmann aliongeza jina tu.

Habari hiyo ilipochapwa London mwaka 1849 haikupokewa kwa shangwe. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga Afrika ya Mashariki, alisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta na kwamba Rebmann ameona ndoto. Mwaka 1852 akatoa kitabu kizima juu ya bara la ndani la Afrika, akiushikilia msimamo wake. Krapf naye alikuwa amekwisha kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, kutoka Kitui alikokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara na mkuu mashuhuri wa Wakamba. Theluji yake nayo haikuaminiwa. Ilibidi kungoja hata 1861 na 1862, Baron von der Decken alipoupanda Kilimanjaro kwa sehemu na kuthibitisha.

Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi Rebmann aliishi akijua kwa macho yake jambo ambalo wasomi wa kwao walilicheka. Nadhani hapo ndipo alipoonja kidogo hali ya watu waliomzunguka. Mwafrika aliyesema habari za nchi yake hakuaminiwa mpaka Mzungu ashuhudie. Sasa Mzungu aliyeshuhudia naye hakuaminiwa, kwa sababu alikuwa amekaa mbali mno na wakubwa, pamoja na watu wasiohesabiwa.

Krapf alipata somo lake kwa njia iliyo kali zaidi. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Karibu na mto wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, na msafara ukatawanyika. Krapf alijikuta peke yake porini, bila chakula. Alipofika mtoni kwa kiu hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akayajaza katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Bunduki, ambayo Ulaya ilikuwa ikiisifu kwa kazi nyingine kabisa, ikawa kibuyu, tena kibuyu kibaya. Alitembea usiku na kujificha mchana. Alipofika kwa jamaa za Kivoi alilaumiwa: rafiki yako ameuawa, nawe umewezaje kurudi mzima? Ikambidi atoroke tena usiku. Aliokoka, akafika Rabai amechoka kabisa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1853, afya yake ikamlazimisha kurudi Ulaya. Katika kitabu cha safari zake, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, mna maonyo kwa wamisionari watakaokuja. Anawaambia waiondoe kabisa fikira kwamba ni lazima Ulaya itandaze mbawa zake juu ya Afrika ya Mashariki ndipo kazi yao ifanikiwe. Wasitarajie jambo kubwa kutokana na mageuzi ya siasa. Mtu huyu ndiye yule aliyemfasiria Kapteni Harris huko Shoa! Kati ya 1841 na 1858 hakuwa amesoma chuo kipya. Alichokuwa nacho ni kaburi, kadhi, wazee wa Rabai, na safari ya Tana.

Laiti historia ingekuwa nyepesi ningeishia hapo na kusema Krapf aligeuka. Lakini mwaka 1867 jeshi la Waingereza lilipojiandaa kwenda Ethiopia kupigana na Mfalme Tewodros, lilitafuta mkalimani, na Krapf, mwenye umri wa miaka hamsini na saba, akakubali kwenda nalo, ingawa ugonjwa ulimrudisha mapema. Alikwenda kuokoa wafungwa, ni kweli, na miongoni mwao walikuwamo wamisionari. Hata hivyo alikwenda na jeshi. Mtu hageuki mara moja kama kurasa ya kitabu. Sehemu moja ya moyo wake hutangulia, nyingine hukawia, na nyingine haiondoki mahali pake.

Sasa tumtazame yule wa Natal, kwa kuwa kwake jambo hili la kutoaminiwa nyumbani lilifika mwisho wake. John William Colenso alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa hesabu, ambaye vitabu vyake vya shule vilitumiwa na watoto wengi sana wa Uingereza. Mwaka 1853 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa Natal. Mwanzoni mwa 1854 alikwenda kuiona nchi kwa majuma kumi, akarudi Uingereza, na mwaka 1855 akatoa kitabu juu ya majuma hayo kumi. Kisha akahamia huko pamoja na jamaa yake.

Majuma kumi! Siku hizi vikundi vya makanisa husafiri kwa ndege kwenda nchi za mbali kwa majuma mawili au matatu, hujenga ukuta wa shule, huimba, hupiga picha, na kurudi wakisema maisha yao yamebadilika. Sitaki kuwabeza, makanisa ya Kenya nayo sasa hutuma watu wake nje. Lakini mfano wa Colenso hufundisha jambo la ajabu kidogo. Baada ya majuma kumi alikuwa na kitabu kizima cha mambo ya kusema. Baada ya miaka kadhaa ya kukaa, mtu mmoja alimwuliza swali, naye hakuwa na jibu.

Aliyeuliza alikuwa William Ngidi, Mzulu aliyemsaidia kufasiri Biblia. Walipofika katika habari za Gharika, Ngidi alimwuliza kama yote hayo ni kweli: kwamba wanyama wote wa dunia, wa nchi za joto na wa nchi za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia katika safina ya Nuhu. Colenso alikuwa mtu wa hesabu. Alijua yaliyogunduliwa na wataalamu wa miamba. Angeweza kumjibu Ngidi kama ambavyo askofu humjibu mwanafunzi, na mambo yakaisha. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi moyo wake ulivyokataa kumwambia mtu uwongo kwa jina la Mungu wa kweli. Akaanza kuchunguza vitabu vya Musa kwa hesabu zake, na mwaka 1862 akatoa sehemu ya kwanza ya uchunguzi huo. Uingereza ilifurika hasira. Waandishi wa dhihaka walicheka kwamba askofu ametumwa kumwongoa Mzulu, na Mzulu amemwongoa askofu. Walitaka kumwaibisha, nami sioni mzaha huo ulimpunguzia nini Ngidi.

Mwishoni mwa 1863 Askofu Mkuu Robert Gray alimhukumu huko Cape Town kuwa mzushi na kumwondoa katika uaskofu. Mwaka 1865 baraza kuu la sheria la London likatamka kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo, na Colenso akabaki Natal, lakini akiwa askofu aliyekimbiwa na wengi wa kanisa lake. Jambo la pili likaja kwa sababu ya la kwanza. Aliyekwisha kuzoea kumsikiliza Ngidi hakuweza kuziba masikio kwa wengine. Mwaka 1873 serikali ya Natal ilimshambulia Langalibalele, mkuu wa Wahlubi, na mwaka uliofuata ikamfanyia hukumu isiyo na haki. Colenso akamtetea hata Uingereza kwenyewe. Kwa kufanya hivyo alipoteza urafiki wa miaka mingi na Theophilus Shepstone, mkubwa wa serikali aliyeshughulikia mambo ya Waafrika. Waingereza walipoivamia nchi ya Wazulu mwaka 1879, alihubiri hadharani kwamba uvamizi huo ni dhuluma, huku mji wa Pietermaritzburg ukiwalilia askari waliouawa Isandlwana. Walowezi walimchukia. Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu. Alikufa mwaka 1883, na binti yake Harriette akaendelea kuwatetea wakuu wa Wazulu.

Turudi Rabai, ambako hapakuwa na makelele ya namna hiyo. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa: alitaka mnyororo wa vituo vya misheni uanzie Mombasa ukakate bara lote hata pwani ya magharibi. Rebmann hakuuafiki mpango huo. Yeye alitaka kukaa mahali pamoja. Mwanzoni hakuwa hivyo, maana mwaka 1849 alikuwa ameondoka na msafara wa kwenda mpaka Unyamwezi. Lakini Mamkinga, mfalme wa Machame, alimnyang'anya nguo na shanga zake zote, ikambidi kurudi mikono mitupu. Tangu hapo alikaa. Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walipofika Rabai kumtaka aandamane nao kutafuta maziwa ya bara, alikataa.

Alifanya nini katika kukaa huko? Alikusanya maneno. Palikuwapo mtumwa mmoja, jina lake Salimini, aliyetekwa nyara karibu na Ziwa Nyasa akaletwa pwani. Rebmann alikaa naye mwaka baada ya mwaka wa 1853, akiandika neno kwa neno lugha ya nchi yake. Salimini alikuwa mali ya mtu. Hakuwa na nyumba, wala njia ya kurudi kwao. Lugha yake ndiyo aliyobaki nayo, na mbele ya Rebmann akawa mwalimu mwenye kujua, na Mzungu akawa wa kuuliza. Habari alizozitoa watu kama yeye na wafanyabiashara wa misafara ndizo zilizowawezesha Rebmann na Jakob Erhardt, mwenzake, kuchora ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno ndani ya bara. Ramani ilikosea umbo, kwa kuwa maziwa ni zaidi ya moja. Lakini ndiyo iliyowafanya wakuu wa London wawatume Burton na Speke.

Kwa hesabu za wakubwa wake kazi ya Rebmann ilikuwa ndogo. Sir Bartle Frere alipozuru mwaka 1873 alikuta Wakristo wachache sana, na mzee aliyekuwa karibu kipofu, mkaidi, asiyependa kuingiliwa. Mkewe Emma alikuwa amekufa mwaka 1866. Hakuwa ameiona Ulaya tangu alipofika. Wako waliosema amepoteza maisha yake bure, na wako wanaosema alikuwa mtakatifu. Mimi naona alikuwa amekuwa mtu wa Rabai kuliko alivyokusudia, kiasi kwamba hakuwa tena na haraka iliyomleta.

Mwaka 1875, baada ya miaka ishirini na tisa, aliondoka. Macho yake hayakuona tena, na aliyemshika mkono katika safari hiyo yote ya bahari na nchi kavu alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Alimfikisha Ujerumani, nchi ambayo mzee hakuweza tena kuiona, akamkabidhi kwa watu wake. Rebmann alikaa Korntal, karibu na Krapf, na huko akafa tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akayachukua makaratasi ya rafiki yake, na mwaka 1877 akaipiga chapa ile kamusi ya maneno ya Salimini. Yeye naye akafa Korntal mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882, na ile ya lugha ya Wamijikenda, yenye majina ya wote wawili, mwaka 1887.